Nguo ya Kujificha ni Nguo ya Mahali

(Somo lililotayarishwa na wanafunzi wa klasi ya bioloji)



Katika gazeti letu tumezoea kuandika juu ya majani, wadudu na maji. Safari hii tunaandika juu ya nguo: zile nguo za madoadoa zinazoitwa nguo za kamuflaji, ambazo mtu anavaa porini ili asionekane. Sababu ni hii. Mbele ya matembezi yetu ya mwisho ya kuangalia ndege, mwenzetu mmoja alikuja na koti la namna hiyo. Alilinunua sokoni katika marobota ya nguo kuukuu, kwa pesa alizopata kwa kuuza mihogo wakati wa likizo. Alikuwa na furaha nyingi. Mwalimu alipoliona alimwambia alivue na alifunge ndani ya mfuko. Kiisha walizungumza wawili pembeni.

Mwenzetu alihuzunika, na sisi wengine tulikasirika kidogo, juu tuliona kwamba ni nguo tu. Mwalimu alitambua, akatupa kazi: tutafute nguo hii inafanya kazi namna gani, inatunzwa namna gani, na juu ya nini yeye ameikataa. Tulisoma, tuliuliza wazee, tulijaribu wenyewe kando ya mto. Jibu tulilopata linaingia katika maneno machache: nguo ya kujificha ni nguo ya mahali. Rangi inayokuficha hapa itakuonyesha kule. Na namna ya kuitunza kule Ulaya inaweza kukuletea ugonjwa hapa kwetu. Tutaeleza polepole.

1. NYAMA NA NDEGE WANATUFUNDISHA NINI?

Tuanze na okapi, juu porini anaishi katika Kongo peke yake. Wenyeji wa msitu wa Ituri walimjua tangu zamani, lakini watu wa sayansi wa Ulaya hawakumwandika katika vitabu vyao mpaka mwaka 1901. Nyama mkubwa vile, jamaa ya twiga, alifichika namna gani? Mwili wake ni kahawia ya giza, na matako na miguu yake ina mistari myeupe. Ukimwona katika picha utasema: lakini mistari hii itamwonyesha mara moja! Kumbe ndani ya msitu mwanga wa jua unashuka kwa vipande vipande kati ya majani. Mistari inafanana na vile vipande vya mwanga. Jicho linaona mwanga hapa, giza pale, na linashindwa kuunganisha vyote kuwa nyama mmoja. Zaidi ya hiyo, manyoya yake yana mafuta, na maji ya mvua yanateleza juu yake. Okapi amevaa nguo ya mahali pake kabisa.

Chui naye ana madoa. Juu ya meza ya simiti kila mtu atamwona. Chini ya mti wenye majani, wakati wa jua, unaweza kumpita karibu usimwone.

Mfano wa tatu ni yule ndege wa usiku anayelala mchana chini, juu ya majani makavu. Mgongo wake ni sawa na jani lililooza. Ukikaribia, haruki. Anafumba macho karibu kabisa, anabaki pale, na anaruka tu wakati mguu wako unataka kumkanyaga. Kama angeruka mapema, rangi yake nzuri ingekuwa bure.

Na kinyonga? Sisi wote tulijifunza tangu utoto kwamba kinyonga anageuza rangi ili ajifiche. Ukweli ni wa kushangaza kidogo. Watu wa sayansi wameona kwamba mara nyingi anageuza rangi ili awasemeshe vinyonga wenzake, kama kwa hasira au kwa kutafuta mke, na tena kwa kupata joto au baridi ya mwili. Kinachomficha sana ni mwendo wake: anakwenda akitikisika polepole, kama jani linalopigwa na upepo.

Basi tumepata masomo matatu: kuvunja umbo la mwili, kufanana na mahali, na kutulia. Tuyashike, juu yatarudi.

2. WATU WALIJIFUNZA NAMNA GANI?

Zamani waaskari wa Ulaya walivaa rangi kali ili wajulikane kati ya moshi wa bunduki. Waingereza walivaa makoti mekundu. Katika miaka ya 1840, huko India, kikosi kimoja cha Waingereza kilianza kuvaa nguo yenye rangi ya vumbi. Jina la rangi hiyo, kaki, linatoka katika neno la Kiajemi na la Kiurdu lenye maana ya vumbi au udongo. Wakati wa kusema "suruali ya kaki", tunasema "suruali ya vumbi" bila kujua.

Wafaransa walichelewa. Mwaka 1914 waaskari wao waliingia katika vita kuu ya kwanza na suruali nyekundu, na wengi walikufa. Mwaka 1915 jeshi la Ufaransa liliunda kikosi cha kwanza cha watu wa kamuflaji, chini ya mchoraji mmoja aliyeitwa Guirand de Scévola. Kazi ya wachoraji hao ilikuwa kuficha mizinga na mahali pa kulinda kwa rangi na vitambaa. Neno kamuflaji lenyewe linatoka katika Kifaransa. Mwaka 1929 Waitalia walipiga chapa ya madoadoa juu ya kitambaa kwa wingi. Kilikuwa kitambaa cha kujikinga mvua na cha kutengenezea hema. Nyuma yake nchi nyingi zilifanya vilevile, kila moja kwa madoa ya pori lake.

Mchoraji mwingine, Abbott Thayer wa Marekani, alikuwa amekwisha kueleza jambo moja kubwa tangu mwaka 1896. Aliona kwamba nyama wengi wana mgongo wa giza na tumbo jeupe. Juu ya nini? Jua linatoka juu, linaangaza mgongo na kutia kivuli tumboni. Mgongo wa giza na tumbo jeupe vinasawazisha ule mwanga na kile kivuli, na nyama anaonekana bapa, kama kipande cha mahali tu. Thayer alisema ukweli, lakini alizidisha. Alifika hata kusema kwamba flamingo ni mwekundu ili asionekane wakati jua linapotua! Wengi walimpinga, na walikuwa na haki. Tukumbuke: mtu mwenye akili nyingi anaweza kupenda fikara yake mpaka inamfunga macho.

Kwa Uskoti kulikuwa watu wa namna nyingine, wasaidizi wa wawindaji katika milima, ambao kwa lugha yao waliitwa gille, maana yake kijana au mtumishi. Walijua kukaribia kulungu mahali pasipo miti. Mwaka 1900 bwana mmoja wa huko, Lord Lovat, aliunda kikosi cha watu wa namna hiyo kwa vita vya Afrika ya Kusini. Kwao kumetoka lile vazi la vipande vya gunia na nyuzi zinazoning'inia, linalomfanya mtu aonekane kama kichaka. Hilo ndilo tulilojaribu kutengeneza sisi, kwa njia ndogo.

3. NGUO INAFICHA NINI, NA HAIFICHI NINI?

Jicho linamtambua mtu porini kwa mambo matano.

(a) Umbo. Kichwa cha mviringo juu ya mabega mawili: hakuna kitu kingine porini chenye umbo hilo. Madoa makubwa na vipande vinavyoning'inia vinavunja mstari wa mabega. Madoa madogo sana, ukiwa mbali, yanachanganyika na kuwa rangi moja tu, na umbo linarudi.

(b) Mng'ao. Saa ya mkono, kifungo cha chuma, miwani, hata uso wenye jasho au mafuta.

(c) Kivuli. Ukikaa kwenye jua, kivuli chako kinakaa pembeni yako na kinakutoa. Ukikaa ndani ya kivuli, huna kivuli.

(d) Mwendo. Hapa nguo haisaidii hata kidogo. Mkono unaofukuza mbu unaonekana kuliko shati jekundu lililotulia.

(e) Harufu na sauti. Hapa tena nguo haisaidii. Swala hahitaji kukuona kama upepo umekwisha kumpelekea habari zako.

Basi nguo inasaidia kwa mambo mawili, labda matatu. Mengine ni kazi ya mtu mwenyewe. Mwenzetu aliposikia hili alisema: "Kumbe nilinunua nusu tu!" Tulicheka naye.

4. NI NANI ANAKUANGALIA?

Macho si sawa. Swala na ndugu zao hawaoni rangi kama sisi. Nyekundu na rangi ya chungwa hawaitofautishi vizuri na kijani, lakini bluu wanaiona vema sana. Ndiyo maana katika sehemu nyingi za Marekani sheria inawaamuru wawindaji kuvaa rangi ya chungwa kali: mtu mwenzao anaiona mbali, hatampiga risasi kwa makosa, na kulungu haoni ajabu. Nyani na kima wa Afrika wanaona rangi kama sisi. Ndege wanaona zaidi yetu, na wengi wao wanaona hata mwanga ambao jicho la mtu halioni kabisa.

Sasa tuangalie iniforme yetu ya shule: shati nyeupe na suruali au sketi ya bluu. Kwa klasi ni nzuri. Kwa pori ni mbaya mara tatu. Nyeupe inawaka kama taa. Bluu inaonwa na swala. Na tena mbung'o, yule nzi wa ugonjwa wa malale, anavutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Mitego ya kumkamata inatengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kama mahali penu pana mbung'o, vaeni nguo ya kaki au ya udongo, yenye mikono mirefu.

5. NAMNA TULIVYOTENGENEZA VAZI LA GUNIA

Vitu vinavyohitajiwa: gunia 1 kuukuu la katani kwa mtu 1, kipande cha wavu wa kuvulia samaki uliokwisha kuharibika, kisu, na shati kuukuu la kaki. Angalisho: msikate chandarua cha mbu! Mtu hawezi kujificha ndege kisha akajitoa kwa malaria.

Kwanza tulifua gunia vizuri, juu gunia lililobeba mahindi linaita panya. Kiisha tulikata vipande vya upana wa vidole 2, urefu wa kiganja mpaka kiwiko, tukavifumua ncha. Wavu unashonwa juu ya mgongo na mabega ya shati, na kipande kinapanda mpaka kichwani. Vipande vinafungwa juu ya wavu kwa fundo. Upande wa kifua hatukutia kitu, ili mtu aweze kulala chini bila kunaswa.

Rangi: vipande vingine tulivichovya katika tope la mto, vingine katika maji ya makala yaliyosagwa, vingine tuliviacha vilivyo. Msitie rangi ya giza nyingi. Kosa letu la kwanza lilikuwa hilo. Vazi la kwanza lilikuwa karibu jeusi, na kati ya nyasi za kiangazi lilionekana kama kisiki kilichoungua. Pori lina mwanga kuliko tunavyofikiri.

Mwishoni, ukifika mahali, ongeza majani machache ya pale pale. Lakini majani yaliyokatwa yananyauka upesi chini ya jua, na upande wa chini wa jani mara nyingi ni mweupe kuliko wa juu. Yafunge upande wa juu ukiangalia nje, na yabadilishe yakilegea.

6. NAMNA YA KULITUMIA

Tulikaa kando ya mto tukimngoja mdiria, yule ndege mvuvi mweusi na mweupe anayesimama hewani akipiga mabawa, kiisha anajitupa majini. Tulijigawa makundi mawili. Kundi la kwanza lilivaa mavazi ya gunia lakini lilisemasema na kubadilisha mahali kila mara. Kundi la pili lilikuwa na nguo za kaki tu, lakini lilikaa ndani ya kivuli, migongo juu ya ukingo wa udongo, bila kusema. Kundi la pili lilimwona mdiria akiingia katika tundu lake la ukingoni mara 4. Kundi la kwanza halikumwona karibu hata mara moja. Hili ndilo lililotufundisha kuliko vitabu. Siku ya pili tulivaa mavazi na tulitulia, na ndege alikuja karibu sana hata tulisikia maji yakimrukia.

Kwa hiyo tunaweka kanuni hizi:

- Angalia vizuri mahali pa kukaa mbele ya kukaa. Nyoka naye amevaa nguo ya mahali.
- Kaa mbele ya kichaka, ndani ya kivuli chake. Usikae kileleni mwa kilima, juu mbingu nyuma yako itachora kichwa chako.
- Pima upepo kwa kuangusha vumbi kidogo. Upepo utoke kwa nyama ukuje kwako.
- Chukua maji ya kunywa. Vazi hili lina joto, na likilowa mvua linakuwa mzigo mzito.
- Usikaribie moto hata kidogo. Gunia la katani linawaka upesi, na vipande vinavyoning'inia vinapeleka moto mpaka kichwani.
- Kila kundi liwe na mtu mzima. Wenye mahali pale wajulishwe mbele. Na kitambaa chekundu kifungwe juu ya mti kando ya njia, ili wapitaji wajue kuna watu. Wapitaji watakiona, swala hatajali.
- Vazi linavaliwa pale pale pa kukaa. Barabarani na kijijini linabebwa ndani ya mfuko.

7. NAMNA YA KULITUNZA

Hapa ndipo tulipoona wazi kwamba nguo ni ya mahali. Kwa kawaida wanaoeleza utunzaji wa nguo za kamuflaji wanasema: fua kwa maji baridi, anika kivulini, usipige pasi. Tuangalie kila jambo.

Kufua kwa maji baridi, ndiyo. Maji ya moto na maji ya javel yanatoa rangi. Tumieni sabuni ya kipande, kidogo, na msuuze mara nyingi. Sabuni nyingi za unga zina dawa ya kung'arisha. Dawa hiyo inashika ule mwanga usioonekana na macho yetu, inaurudisha kama mwanga wa bluu, ndiyo maana shati linaonekana jeupe kuliko jeupe. Kwa shule ni sawa. Kwa pori unajiwasha mwenyewe kama taa mbele ya ndege na swala. Sabuni yenye manukato nayo, hapana.

Kuanika kivulini: wanasema hivyo juu jua linafifisha rangi, na ni kweli. Lakini kwetu kuna nzi anayetaga mayai juu ya nguo zenye unyevu, zaidi zile zilizoanikwa kivulini au chini. Mayai yanaanguliwa kwa siku chache. Funza wake anangoja joto la mwili, kiisha anaingia ndani ya ngozi na kufanya jipu. Mama zetu wanamjua vizuri, ndiyo maana wanapiga pasi hata nguo za ndani na nepi za mtoto. Basi kwetu tunaanika ndani ya nyumba ambamo nzi hawaingii, au juu ya kamba kwenye jua kali, nguo ikiwa imegeuzwa ndani nje. Rangi ikipungua kidogo, si kitu. Ngozi ni ya bei kuliko rangi.

Kutopiga pasi: wanasema hivyo juu pasi inalainisha uzi na kuutia mng'ao, na ni kweli. Lakini joto la pasi ndilo linaua mayai na funza. Basi shati la kaki tunalipiga pasi ya makala yenye moto wa kutosha, kwa upande wa ndani, pamoja na mishono yote, na hatutii wanga. Vazi la gunia haliwezi kupigwa pasi. Hilo tunaliacha ndani ya nyumba wiki 2 kamili kisha kukauka, mbele ya mtu kulivaa.

Kila mara mkitoka porini, kung'uteni vazi nje na mtafute kupe, katika vazi na katika mwili. Majani yaliyofungwa yatupwe yote, juu yanaoza na kuleta ukungu. Likaushwe kabisa, kiisha litundikwe juu ya msumari, si sakafuni: nge na panya wanapenda gunia lililokunjwa. Lisikae jikoni, juu litashika moshi na harufu ya chakula. Mbele ya kulivaa tena, likung'uteni mara ya pili. Pengo likitokea, fungeni kipande kipya. Vazi lililotunzwa hivi linaweza kurithiwa na klasi inayokuja.

8. JUU YA NINI MWALIMU ALIKATAA LILE KOTI

Tumefika kwa swali la mwanzo. Koti la mwenzetu halikuwa baya kwa kazi yake. Lilikuwa na madoa makubwa, kitambaa kigumu, vifungo visivyong'aa. Lakini mahali petu si mahali pake.

Kwanza, sheria. Katika Kongo raia haruhusiwi kuvaa hadharani iniforme ya waaskari. Si sisi peke yetu. Uganda, Zambia na Zimbabwe zinakataza raia kuvaa nguo za kamuflaji za jeshi, na katika kisiwa cha Barbados hata mtoto haruhusiwi kuvaa nguo ya madoadoa ya namna hiyo. Katika nchi nyingine, kama Ufaransa au Marekani, watu wanaivaa sokoni na hakuna anayegeuka. Nguo ni ile ile, mahali ni pengine.

Pili, na ni zaidi ya sheria, hatari. Nchi yetu imepita katika vita vingi tangu mwaka 1996. Mmoja wetu alisimulia wakati tunatayarisha somo hili. Katika kijiji cha mama yake kijana mmoja alikwenda kutafuta kuni asubuhi, amevaa koti la madoadoa alilopewa, juu kulikuwa baridi. Waliomwona kutoka ng'ambo ya bonde hawakuona kijana wa kuni. Waliona mpiganaji. Hakurudi. Aliposimulia, klasi ilinyamaza, na hasira yetu juu ya mwalimu iliishia pale.

Tufikiri vizuri juu ya jambo hilo. Nguo ya kamuflaji ilitengenezwa ili mtu asionekane. Lakini kwa mahali petu inafanya kinyume: mtu mzima anaiona mbali kuliko nguo yoyote, na akiiona anaogopa au anakasirika. Mama kando ya njia anakimbia na watoto. Mlinzi wa mbuga, akimwona mtu aliyejificha kichakani na nguo ile, hawezi kujua kama ni mwanafunzi au ni mwindaji haramu mwenye bunduki. Ndege labda hatakuona. Mtu atakuona, lakini hatakuona wewe. Ataona nguo.

Mwenzetu alirudisha koti nyumbani, na wazazi wake waliamua la kufanya. Pesa yake ilipotea. Sisi tulichanga kidogo kidogo, si yote, tukampa. Yeye ndiye aliyetengeneza vazi la gunia lililo zuri kuliko yote, na yeye ndiye aliyeona tundu la mdiria mbele yetu sisi wote.

Wadogo zetu wa klasi za chini, mkiona koti kama lile sokoni, bei nafuu, kitambaa kizuri, kumbukeni okapi. Mistari yake inamwokoa ndani ya msitu wake. Ukimweka katika uwanja wa mpira, kila mtu atamwona.

MASWALI NA MAZOEZI

1. Juu ya nini mistari myeupe ya okapi inamficha ndani ya msitu, na haitamficha uwanjani?

2. Chukueni viazi vitamu 2 vya ukubwa mmoja. Kimoja kipakeni tope la rangi moja pande zote. Kingine kipakeni tope, kiisha makala upande wa juu na majivu upande wa chini. Vitundikeni kwa uzi nje, wakati jua liko juu, mbele ya ukuta wa udongo. Tembeeni hatua 20. Ni kipi kinapotea mbele? Elezeni kwa maneno ya Thayer.

3. Wekeni vitambaa 5 vya rangi mbalimbali katika nyasi, hatua 50 mbali. Fumbeni macho nusu. Ni rangi gani inabaki? Fanyeni tena wakati wa masika na wakati wa kiangazi, mlinganishe.

4. Wanaosema "anika kivulini, usipige pasi" wanasema kweli kwa mahali pao. Toeni mfano mwingine wa shauri zuri la mahali pengine ambalo lazima libadilishwe mbele ya kulitumia kwetu.

5. Ulizeni wazee nyumbani: wawindaji wa zamani walijificha namna gani, bila kitambaa cha dukani? Leteni majibu kwa maandishi. Tutayapiga katika gazeti linalokuja.

Tunaishia hapa. Anayetaka kuona vazi la gunia, aje kwenye chumba cha bioloji wakati wa mapumziko. Limetundikwa juu ya msumari nyuma ya mlango. Mbele ya kulivaa, likung'ute.